Hadithi za Mahali na Bustani za Miji Yetu: Nani Anasimulia, kwa Faida ya Nani?

Siku hizi imezuka fikra mpya miongoni mwa wataalamu wa mipango miji. Fikra yenyewe inasema kwamba bustani ya mji haifai kuchorwa mezani kwa rula na kalamu tu. Kwanza wasikilizwe watu wa pale, wasimulie habari za mahali pao, kisha masimulizi hayo yageuzwe kuwa njia, vivuli, viti na miti. Kwa namna hiyo, wanasema, kiwanja kitupu kitageuka kuwa mahali pa watu, na watu watapapenda na kupatunza wenyewe. Chanzo chake ni Marekani hasa, ambako tangu miaka ya 1960 waandishi kama Jane Jacobs na William Whyte waliwashambulia wapangaji wa miji waliokuwa wakibomoa mitaa kwa ajili ya barabara kuu, na ambako mwaka 1975 liliundwa mjini New York shirika la Project for Public Spaces ili kuieneza fikra hiyo. Sasa imetufikia nasi, katika semina na katika maandiko ya miradi.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki. Hatuikatai. Kukataa jambo kwa sababu limetoka ng'ambo ni uvivu wa fikra, na kulipokea kwa sababu hiyo hiyo ni kasumba. Swali letu ni lile ambalo kada yeyote hana budi kuliuliza kila linapoletwa jambo jema: jema kwa nani? Hadithi inapoulizwa, nani anaulizwa? Na ikisha kusimuliwa, nani anabaki na ardhi?

Tuanze na maneno, maana maneno nayo yana tabaka. Katika karatasi za halmashauri zetu kipande cha ardhi kilichoachwa bila nyumba huitwa "eneo la wazi". Eneo ni kitu cha kupimwa: lina urefu, lina upana, lina namba ya kiwanja. Na neno "wazi" humwambia msomaji kwamba pale hapana mtu wala kitu. Lakini mwananchi hasemi hivyo. Tazama majina ya mitaa ya Dar es Salaam: Mnazi Mmoja, Mwembechai, Mwembeyanga, Mkwajuni, Mikocheni. Majina haya hayakutungwa na kamati. Watu walikutana chini ya mti, wakafanya biashara, wakangojana, wakagombana, na jina likabaki hata pale mti ulipokwisha kukatwa. Na ni lugha yetu yenyewe inayotenga hapa, huku na humu, ikitaka kujua kama msemaji amesimama mahali hasa, anazunguka, au yumo ndani. Kwa hiyo yule mtaalamu anayedhani atatufundisha kugeuza eneo kuwa mahali amekuta kazi ilikwisha kufanywa zamani na wauza maji. Kinachotakiwa ni kumzuia asiyejua kusoma majina hayo asije na karatasi yake akaandika "wazi".

Mwaka jana tulikwenda Mamba, katika milima ya Upare Kusini wilayani Same, pamoja na wanafunzi wetu wa siasa. Tuliichagua milima kwa makusudi, ingawa mada ni miji. Anayetaka kujua hadithi inafanya kazi gani katika kulinda miti hana budi aende mahali ambapo kazi hiyo ilifanyika kwa muda mrefu kabla ya wataalamu kuipa jina, na Upare ni mahali pa namna hiyo. Mamba ilikuwa moja ya tawala za jadi za Wapare. Leo ni nchi ya migomba na tangawizi, yenye mashamba yaliyong'ang'ania miteremko mikali, na ukisimama ukingoni upande wa mashariki unaiona mbuga ya Mkomazi imelala chini kama mkeka.

Katika milima hii kulikuwa na vijisitu vilivyolindwa. Kuna vile vilivyoitwa mpungi, mahali pa matambiko ya ukoo, na kuna mshitu, msitu wa jando ambamo vijana waliingizwa kufundwa. Humo hapakukatwa mti wala kuokotwa kuni ovyo. Mzee mmoja alituongoza kwa miguu tangu asubuhi. Hakutueleza habari yoyote tukiwa tumeketi. Alikuwa akifika kwenye jiwe, au kwenye mti, au pale mfereji unapovuka njia, ndipo anasimama na kusema: hapa fulani alitoka bondeni na mbuzi wake, hapa waligawana, kuanzia kwenye hili sale ni kwa wengine. Sale ni ule mmea ambao milimani kwetu hupandwa mipakani, nao huchipua tena hata ukikatwa. Baada ya saa mbili mwanafunzi mmoja alituambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu mzee hasimulii hadithi. Anatusomea hati ya shamba."

Alikuwa amesema kweli, na hapo ndipo ulipo upungufu wa kwanza wa fikra tunayoihakiki. Wataalamu wanaichukua hadithi kama rangi ya kupaka juu ya mahali ili papendeze. Kwa mkulima wa mlimani hadithi ni mahusiano ya umilikaji yaliyowekwa katika maneno. Husema nani alifyeka kwanza, nani alikuja baadaye akaomba, maji ni ya nani siku gani. Kumwomba mtu kama huyo "asimulie hadithi ya mahali" ni kumwomba aweke madai yake mezani. Mtaalamu asipofahamu hivyo, ataandika madai ya upande mmoja akidhani anaandika utamaduni.

Na tusije tukawa wapenzi wa mambo ya kale hata tukapofuka. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, kilichojengwa kwa masimulizi ya wazee, ameonyesha jinsi ukoo wa Wasuya kule Ugweno, kaskazini, ulivyowapindua Washana waliokuwa wahunzi, kisha ukaitumia taasisi ya jando kuimarisha dola yake. Kijana aliyeingia mshitu alifundwa utii kwa utaratibu mpya. Miti ilikuwa mikubwa, kivuli kilikuwa kizuri, na humo ndani tabaka tawala lilikuwa likitengeneza raia wake. Wanawake hawakuingia. Wanafunzi wetu wa kike walipouliza mpungi ule ulikuwa na habari gani kwa mama zao, mzee alicheka kidogo akasema, "Wanangu, habari yao ilikuwa kupita mbali."

Basi mtu akichukua simulizi la mzee huyu peke yake, akalichongea bustani, atakuwa ameijenga bustani ya wazee wa ukoo. Ndiyo maana tunasema kwamba katika kila hadithi ya mahali kuna ukinzani, na kazi ya mpangaji mwenye msimamo wa umma ni kuutafuta ukinzani huo badala ya kuufunika. Amtafute aliyekatazwa kuingia. Amtafute aliyekuja juzi na bado anaitwa mgeni. Habari zao zitapingana na za mzee, na hapo ndipo mkutano wa kijiji huanza kuwa na maana.

Upo upande wa pili ambao unatuhusu sisi wenyewe kama Chama, na ni lazima tuuseme. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa nchini. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nchi huru isingeweza kujengwa juu ya viti vya watemi na wafumwa ambao wengi wao walikuwa wamegeuzwa watoza kodi wa mkoloni. Lakini katika sehemu nyingi za Upare vijisitu vilikuwa vikilindwa na mamlaka ile ile iliyofutwa. Tuliondoa mlinzi, na kwa muda mrefu hatukuweka mwingine. Kabla yetu wamisionari walikuwa wamekwisha kuita mahali pale pa shetani. Wasabato waliingia Upare Kusini mwaka 1903, na Walutheri nao walikuwa na kituo Mbaga. Sisi tukaja tukapaita pa ushirikina. Kwa hoja mbili zinazochukiana shoka likapata kibali kimoja. Mtafiti Michael Sheridan, aliyekaa Upare Kaskazini, amelieleza vizuri jambo hili: msitu mtakatifu haukusimama kwa imani tupu, ulisimama kwa siasa ya mahali, na siasa ilipobadilika msitu nao ukabadilika.

Lakini kuna kitu kimoja cha Wapare ambacho hakikuangushwa na mmisionari wala na sisi, nacho ni bwawa la ndiva. Ndiva hukusanya maji ya kijito usiku, asubuhi mlango ukafunguliwa, yakateremka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Ina hadithi zake: nani aliichimba, ukoo gani ulitoa ardhi, nani alifungua mlango usiku kwa wizi akatozwa faini. Hadithi hizo ni hai kwa sababu matope hujaa ndani ya bwawa na lazima yatolewe, na watu hutoka kuyatoa kwa msaragambo. Neno hili msaragambo limetoka Upareni likaingia katika Kiswahili cha taifa zima. Pale kwenye matope ndipo tulipowasikia wanawake wakisimulia habari za mahali bila kuulizwa na mtu, tena kwa kelele, na mzee wetu wa asubuhi alisahihishwa mara mbili mbele yetu. Hadithi ya mpungi hukaa kwa wachache kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya wachache. Hadithi ya ndiva ni ya wengi kwa kuwa wengi wanashika jembe. Wenye fikra mpya wameianzia hadithi wakidhani utunzaji utafuata. Kwa jinsi tulivyoona Mamba, kazi ya pamoja ndiyo inayotangulia, na hadithi huzaliwa ndani yake.

Si mbali na Mamba, kule Mbaga, kuna namna nyingine ya kusimulia mahali. Mgeni wa kitalii hupelekwa kwenye mapango ya Mghimbi, akaelezwa kwamba Wapare walijificha humo wakati wa kuwindwa na wafanya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Hupelekwa pia kwenye jiwe la Malameni, akaelezwa kwamba pale watoto walitolewa kafara kwa mizimu. Hatutaki mambo haya yafichwe. Kigego aliuawa kwa sababu ya meno, na jamii iliyofanya hivyo ni ya babu zetu. Tunachohakiki ni uzito. Jiwe la Malameni ndilo linalomsisimua mgeni, kwa hiyo ndilo linalopewa maneno mengi. Pango hupewa dakika chache, ingawa pango ndilo lenye somo la uchumi wa dunia: misafara ya pwani, bunduki kwa pembe na watu, mlima mzima umegeuzwa maficho. Soko linapochagua hadithi, litachagua ile inayomwogopesha mnunuzi bila kumgusa. Bustani zetu za mijini zitakazojengwa kwa hadithi zitakuwa na hatari hiyo hiyo, hasa pale mfadhili ndiye mnunuzi.

Kinyume chake ni ardhi inayohifadhiwa kwa kufuta hadithi. Mkomazi, ambayo tumesema huonekana kutoka mlimani, ilitangazwa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 1988 wafugaji waliokuwa ndani waliondolewa. Miaka iliyofuata walikwenda mahakamani kudai haki zao. Leo ni hifadhi ya taifa. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya haja ya kuwaondoa. Sisi tunasema tu kwamba ardhi haiwi tupu kwa kuandikwa hivyo.

Sasa twende mijini. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam hufundisha kuliko vitabu vingi. Uwanja ule haukuachwa wazi ili watu wapumue. Wakoloni waliuacha ili kuutenga Uzunguni na Uhindini na mitaa ya Waafrika ya Kariakoo. Wajerumani walikuwa na wazo hilo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakalitekeleza baadaye, wakitoa visingizio vya afya na mbu. Kwa ramani ya mkoloni ilikuwa ni nafasi ya kutenganisha. Lakini watu wa Kariakoo hawakukubali maana ile. Walicheza mpira pale, wakafanya mikutano. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 katika mtaa wa jirani, viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani vikawa mahali pa umma kusimama na kusikiliza. Hakuna aliyebuni mabadiliko haya. Mnara wa Mwenge wa Uhuru uliosimamishwa pale ulikuja kuthibitisha hadithi iliyokwisha kutendwa.

Nairobi ina mfano mkali zaidi, na makada hasa wanafaa kuutafakari bila kuona haya. Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba ndani ya bustani ya Uhuru Park litajengwa jengo la ghorofa 60, la gazeti la Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU. Wangari Maathai aliandika barua hata kwa wafadhili wa nje. Alitukanwa bungeni na kuambiwa hajui adabu ya mwanamke. Jengo halikujengwa. Kisha mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda kuketi katika pembe ya bustani hiyo hiyo na kufunga kula wakidai watoto wao. Polisi waliwapiga, nao wakaendelea na madai yao katika kanisa la jirani. Pembe ile watu wameiita Freedom Corner hadi leo. Tazama basi: wenye hoja ya maendeleo walikuwa chama tawala, wenye hadithi walikuwa akina mama, na bustani imebaki kwa sababu hadithi ilikuwa na miili iliyokaa chini ikakataa kuondoka. Somo kwa chama chochote kilichomo madarakani ni zito, na hatulirahisishi.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja ambao hatuutaji, tulialikwa na wenye mradi wa bustani. Walitaka "hadithi ya mahali". Tulipewa chumba, chai na posho ya siku tatu. Tuliandika mistari ya historia kwa ajili ya kibao: harakati za uhuru, mashujaa, umoja. Kila neno lilikuwa la kweli. Hatukutoka nje hata mara moja kuongea na mama lishe waliokuwa wakipika chini ya mikungu mle, wala na mafundi baiskeli, wala na vijana wa kahawa, ambao wote walikuwa na habari za mahali pale kwa miaka mingi kuliko umri wa mradi. Bustani ilipofunguliwa walikuwa wameondolewa kwa ajili ya usafi. Mikungu miwili ilikatwa ili kibao kionekane. Siku hizi lango hufungwa kwa kufuli, hukodishwa kwa sherehe za harusi, na kibao chetu kiko pale, kinasomeka vizuri. Waliofukuzwa hawakufukuzwa na hadithi yetu. Lakini hadithi yetu ndiyo iliyowapa waliowafukuza uso mzuri.

Kwa hiyo mtaalamu akija kwetu leo na fikra hii, hatutamwuliza kwanza amekusanya hadithi ngapi. Tutamwuliza nani ameandikwa kuwa mwenye kiwanja, nani atafyeka majani mwezi wa sita mvua zikiisha, nani anauza chai ndani, na ufunguo uko kwa nani.

Tulimaliza safari yetu katika mji wa Same. Mji huu uko upande mkavu wa milima, kwenye barabara kuu ya Arusha, vumbi na jua, na kama kuna mji unaohitaji kivuli ni huu. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa hapa, mbele ya ofisi ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Mkoloni alikuwa amechukua jina la ushuru wa jadi akalivisha kodi mpya ya kukadiria mali ya kila mtu, na machifu wakaisimamia. Watu walikaa kwa majuma, wakiletewa chakula kutoka nyumbani. Kule Usangi baadaye wanawake nao walitoka wakawakabili wakubwa. Kodi ile iliondolewa. Kimambo ameandika kitabu kizima juu ya mbiru, mwaka 1971, na makada wengi hawajakisoma.

Tuliwapa wanafunzi kazi: wazunguke mjini, waulize watu wale waliketi wapi. Wengine walionyeshwa penye ofisi za sasa, wengine stendi, wengine waliambiwa ni kule kwenye miti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza tangawizi iliyotoka Mamba aliwaambia kwamba baba wa mume wake alikuwamo, na kwamba usiku kulikuwa na baridi hata wakagombania moto. Mahali penyewe hakuwa na hakika napo. Wanafunzi walirudi na ramani tano zisizolingana. Walitaka tuchague moja tuipeleke halmashauri. Tuliwaambia warudi Mamba, Mbaga, Chome na Gonja, wazipeleke zote tano, wazitandike chini kwenye mkutano wa msaragambo, watu wagombane juu yake. Wamekwenda mara mbili. Ramani sasa ni saba, na vijiji viwili vimesema vitatoa miche, kwa sharti kwamba watakaoimwagilia ndio watakaouza chai.